Isinya au Limuru: wapi utajitegemea nje ya Nairobi?

Mgeni_wa_Shamba: Wakuu, bajeti yangu inanunua ekari moja Isinya, Kajiado, au ploti ya futi hamsini kwa mia Limuru, Kiambu. Watu watano na ng'ombe mmoja, tukae miezi mitano bila bauza (lori la kuuza maji). Nishike wapi?

Paa_Kwanza: Anza na hesabu ya maji. Watu watano kwa lita 20 kila siku, siku 150, ni lita 15,000. Ng'ombe wa maziwa kwa lita 60 ni 9,000. Jumla 24,000. Sasa paa: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, nawe ondoa asilimia 20 inayopotea. Masika ikileta milimita 250, paa la mita 100 za mraba litakupa lita 20,000 tu. Hizo zinajaza matangi mawili ya lita 10,000; wengi hununua la tatu, likakaa tupu. Badala yake ezeka zizi mabati, mita 30 za mraba. Hizo ni lita 6,000 nyingine. Lita 50 za kwanza baada ya kiangazi zimwagwe, zina vumbi na mavi ya ndege.

Mchimba_Msingi: Isinya kuna udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani kumi. Usipofukua mpaka murramu, ule udongo mgumu wa chini, sakafu itainama na bomba litakatika pale pale linapoingia tangini. Choo cha shimo nacho hufurika, kwani udongo huo haunywi maji.

Daktari_Mifugo: Wanaosema "nitachimba kisima" wapime floridi kwanza, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi Kajiado vinapita hapo. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floridi inabaki. Mkaa wa mifupa unaipunguza, ila lazima ubadilishwe.

Shambani_Lari: Limuru mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka, udongo ni mwekundu, viazi na sukumawiki si kazi. Lakini hamsini kwa mia ni thumuni ya ekari, ndugu yangu. Majani ya nepia ya kulisha ng'ombe mmoja hapo hayatoshi, utanunua majani kila wiki. Hiyo si kujitegemea. Jalidi nayo huunguza viazi usiku mmoja.

Daktari_Mifugo: Kweli. Isinya ekari ile ile inabeba nyasi ya boma rhodes. Kilo 12 kwa siku, siku 150, ni marobota 120 ya kilo 15. Yaweke juu ya mbao, yasiguse sakafu. Ila ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo mingi Kajiado, kwa hiyo jaza ghala mwaka mzuri.

Paa_Kwanza: Mimi ningechukua Isinya, mbali na bonde la mto, maana mafuriko ya 2024 yaliingia nyumba za mji wa Kitengela, huko huko Kajiado. Kupima kama mahindi yamekauka, tia chumvi kavu kwenye chupa ya kioo, weka punje, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado yana unyevu, yarudishe juani kabla ya kufunga magunia yasiyopitisha hewa.