Baiskeli kwenye ndege kutoka JKIA: ada huhesabiwaje?

Mpanda_Ngong: Habari zenu wakuu. Mwezi ujao natoka JKIA kwenda Frankfurt, nabadilisha ndege Addis Ababa. Tiketi inaruhusu mizigo miwili ya kilo 23. Je, boksi la baiskeli (breki za diski) ni mzigo mmojawapo, au nalipia zaidi?

FundiKasarani: Kinachokuponza ni ukubwa kuliko uzito, kaka. Mashirika mengi huweka kikomo cha sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kimo. Boksi la duka la baiskeli ni kama 140 kwa 80 kwa 20, yaani 240. Sasa hapo mashirika hutofautiana: baadhi husamehe ukubwa mradi usipite kilo 23, mengine hutoza ada ya baiskeli kwenda na tena kurudi. Soma masharti ya vifaa vya michezo, usiishie kwenye ya mizigo ya kawaida. Halafu iandikishe mapema na uombe uthibitisho kwa baruapepe, uuchape. Nafasi za baiskeli kwenye ndege ni chache, na anayefika kaunta bila kuandikisha anaweza kuachiwa boksi sakafuni.

MamaGia: Angalia pia kama ni tiketi moja au mbili. Zikiwa mbili, kila shirika litakudai lake.
Tumia boksi la katoni. Lina kilo 4 hivi. Kasha gumu laweza kufika 10 au zaidi kabla hujaweka kitu. Ukipita 32, wengi hawapokei kabisa, wanakuelekeza kwa kago. Pima nyumbani: simama kwenye mizani ukiwa umelibeba, kisha utoe uzito wako.

Mpanda_Ngong: Asante sana. Na kuifungua baiskeli yenyewe?

FundiKasarani: Anza na pedali, spana ya 15 au ya L ya milimita 8 kulingana na aina. Pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume: hufunguka kwa mwendo wa saa. Wengi hulazimisha huku wakiharibu nyuzi za krenki (mkono unaoshika pedali). Gia ya nyuma ing'oe kwa spana ya L ya 5, uifunge kwa sponji ndani ya fremu, maana boksi likilazwa upande huo, kile kipande cha fremu kinachoishika hupinda. Gurudumu likitoka, chomeka kadibodi nene kati ya pedi za breki. Mtu akibana breki bila diski, pistoni hufungana na diski haitaingia tena. Kati ya miguu ya foku (uma wa mbele unaoshika gurudumu) weka kipande cha mbao, isibonyezwe.

MamaGia: Tairi punguza presha, usizimalize, upepo kidogo hulinda rimu. Spana zote ziingie kwenye boksi, si mkobani.