Re: Gari inachemsha kwenye foleni ila haiwei iko poa

Mdogo wangu, marahaba, na pole na joto la Houston. Usitoe hela kwa mtu kwanza maana ulivyoeleza mwenyewe jibu karibu lipo. Gari ikichemsha kwenye foleni halafu ukishika haiwei geji inashuka, mara nyingi ni feni haizunguki, kwa sababu ukiwa na spidi upepo unapoza rejeta wenyewe, ukisimama ndo feni inatakiwa ifanye kazi. Ingekuwa inachemsha ukiwa kasi ningekwambia themostati (valvu inayoachia maji yapite injini ikipata moto) imeng'ang'ania au rejeta imeziba au pampu ya maji imechoka.

Asubuhi injini ikiwa ya baridi fungua rejeta ucheki maji. Asubuhi nasema!! Ikiwa ya moto usiguse kile kifuniko, maji yako kwenye presha yatakurukia usoni. Yakiwa yamejaa, washa gari, washa AC, ufungue boneti utazame feni, kwenye gari nyingi inatakiwa ianze. Isipoanza zima gari ucheki fyuzi yake, ikiwa nzima nenda kwenye rilei (swichi ndogo ya umeme inayowasha feni), mule kwenye boksi mara nyingi kuna rilei nyingine inayofanana nayo kabisa hadi namba, zibadilishane nafasi uwashe tena, feni ikizunguka umeshampata mchawi na rilei ni bei ndogo tu. Bado haizunguki? Basi ni mota ya feni, waya au sensa. Mkono weka mbali, feni nyingine zinaanza zenyewe hata gari ikiwa imezimwa.

Na huyo aliyekwambia utoe themostati ujaze maji ya bomba kama tulivyozoea nyumbani, tafadhali usimsikilize. Bila themostati injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta na taa ya injini itakuwakia. Maji matupu yanaleta kutu, na Februari 2021 si mliona Texas ilivyoganda? Maji yakiganda yanavimba, yanapasua bloku ya injini.

-----

> maji matupu yanaleta kutu

Kaka kasema kweli, huku Minneapolis ndo usijaribu kabisa. Kulanti (dawa ya rejeta ya kuzuia kuganda na kutu) nusu kwa maji yaliyokenekwa (distilled) nusu inavumilia mpaka kama -37°C, ila soma kitabu cha gari ujue aina yake, usichanganye rangi kwa kubahatisha.

Mdogo wangu ikikuchemkia barabarani zima AC, fungua hita mpaka mwisho, joto litoke injini, usogee pembeni uzime. Hita ikipuliza baridi wakati geji iko juu ujue mara nyingi maji yamepungua. Kama yanapungua na chini hakuna tone, au moshi mweupe unatoka mfululizo hata injini ikishapata moto, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, hapo huenda imeunguza gasketi ya silinda hedi (inayoziba kati ya hedi na bloku), usiendelee kuiendesha. Duka la vipuri la AutoZone wanaazima kifaa cha kupimia presha ya rejeta, unaacha dipoziti unarudishiwa. Na kulanti ikimwagika futa hapohapo, ina utamu na ni sumu, watoto na mbwa wanailamba.