Dramu za baba mkubwa zimekuwa yai: zinapona hizi au ni kuni?

Stiki_Mbili (Moshi)

Habari za usiku wakuu. Nina mgonjwa ndani, naomba ushauri kabla mama hajamtoa nje.

Baba mkubwa alikuwa anapiga dramu kwenye bendi ya dansi hapa Moshi mjini, miaka ya sabini. Bendi ilipokufa akazibeba dramu zake hadi Machame, akazitupa stoo ya kahawa. Amefariki mwaka jana. Siku ya kugawana vitu, sofa lilikuwa na wenyewe watatu, dramu hazikuwa na mtu. Nikazishusha na Hiace, konda akanitoza siti mbili.

Ni Premier, beji ipo, zimetengenezwa Uingereza. Besi inchi 20, tom ya juu 12, flo tom (ile kubwa ya kusimama sakafuni) 16. Sneya, ile dramu fupi yenye waya chini, haipo na hakuna anayejua ilikoishia. Nje zina ile plastiki yenye mng'ao kama ganda la chaza, ila sasa ina rangi ya meno ya mvuta sigara.

Sasa hali yenyewe. Besi ililazwa chini ya magunia miaka yote hiyo, imekuwa yai. Nimepima kwa futi kamba, upande mmoja umezidi mwingine kwa milimita 11. Flo tom tabaka za mbao zimeachana kule chini kama karata, kisu cha mezani kinazama vidole viwili. Tom ndogo ina matundu ya bungua karibu na ukingo, ukiigonga unadondoka unga mweupe.

Na nimeshafanya kosa tayari. Besi niliipeleka kwa fundi mmoja wa makabati, akaikandamiza, akapiga misumari minne, akasiliba filla ya magari ndani. Kumuuliza, ananijibu, "Si iko ndani, nani ataiona?" Elfu ishirini na tano yangu imekwenda, na yai liko pale pale.

Kinachonitia wazimu zaidi ni flo tom. Nimenunua ngozi mpya ya inchi 16, haiingii! Nadhani mbao imevimba kwa unyevu wa Machame. Jumapili sina ratiba, nataka niipige msasa kwa nje mpaka ngozi iingie. Mnasemaje?

Kijana_wa_Sakina

Pole kwa msiba mkuu. Ila tuambiane ukweli, hela ya gundi, msasa, ngozi na usumbufu wote huo ukiijumlisha unakaribia seti mpya ya Kichina. Mbao iliyoliwa na bungua haina sauti tena. Besi weka kioo juu upate meza ya kahawa, kuna baa Njiro nimeiona hiyo kitu imependeza sana.

Stiki_Mbili

Dramu imekaa chini ya kahawa miaka arobaini, leo niiwekee kahawa juu? Hapana mkuu. Ahsante lakini.

FundiRanda (Arusha)

Kijana, huo msasa weka chini kwanza. Jumapili nenda kanisani, ukitoka kalale.

Flo tom yako haijavimba. Plaiwudi ikila maji inanenepa unene, au inaachana kama ulivyoiona, lakini duara lake halitanuki hadi likatae ngozi. Ndivyo ilivyozaliwa. Premier za zamani, kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960, tom za 12 na 16 zilikuwa na vipimo vyao wenyewe, zimezidi kidogo hizi za kimataifa tunazonunua leo. Kwa hiyo hata ile ya 12 itakukatalia. Kampuni ya Remo imekuwa ikitoa ngozi za vipimo hivyo vya zamani, ni za kuagiza. Bei itakuuma mara moja tu.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi niliharibu moja. Mwaka 1996 bendi ya hoteli iliniletea tom ya 12 yenye shida hiyo hiyo, nikajifanya najua, nikavua plastiki, nikaparaza mbao hadi ngozi ikaingia. Iliingia vizuri sana. Ila mizinga, yaani miili ya mbao, ya Premier za wakati ule ni myembamba, tabaka chache tu, nguvu yake yote iko kwenye zile pete za mbao za ndani, juu na chini. Nilipokaza skrubu ukingo ukapinda mbele ya macho yangu, na mpiga dramu kasimama pale pale ananiangalia.

Hizo pete ndizo mbavu. Chukua tochi, mulika ndani ya besi, pitisha wembe kati ya pete na mzinga. Naapa utakuta pete imeachia sehemu. Pete ikiachia, mzinga hauna wa kuushika, gunia likiukalia lazima uwe yai. Yule fundi wako amepigilia misumari kwenye mbavu iliyochomoka.

Misumari usiivute kwa nyundo, itang'oka na mbao. Ikate kichwa, iliyobaki isukume polepole kwa msumari mwembamba. Filla itoe kwa patasi kali na uvumilivu, usilete moto. Plastiki za dramu za zamani nyingi ni seluloidi, na seluloidi ikishika moto huizimi kwa kanga.

Halafu tengeneza gongo la mbao la kutanua ndani, vipande viwili vinavyopishana na kabari katikati. Lisimamishe upande uliobana. Kitambaa cha uvuguvugu, kilichokamuliwa kabisa, kiweke ndani tu sehemu iliyopinda, robo saa, kisha gonga kabari. Milimita mbili kwa siku, basi. Ukisikia "tak", umekwisha. Ipitishe duara kidogo, milimita tatu hivi, maana ikiachiwa itarudi. Iache wiki mbili. Ndipo unatia gundi kwenye pete, gongo likiwa bado ndani. Gundi ikikauka mbavu ikiwa kwenye duara, mzinga hauna pa kukimbilia. Ukianza na gundi ndipo unyooshe, umeligundisha yai.

Flo tom ni kazi ya sindano. Nunua bomba la sindano famasi, la mil 10. Kwanza safisha kati ya tabaka kwa kipande cha msumeno wa chuma, gundi ya zamani na vumbi vitoke, maana gundi mpya haishiki juu ya uchafu. Gundi nyeupe ya mbao, ilegeze kwa maji kidogo sana, ipulize ndani hadi uione inatokea upande wa pili. Ndani weka duara la plaiwudi ulilolikata likae sawasawa, nje zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, kaza kama unafunga jeraha. Tyubu inabana kila mahali sawa, jiriwa inabana sehemu moja na kuacha nyingine. Weka nailoni katikati, la sivyo tyubu nayo itakuwa sehemu ya dramu. Kwenu Moshi siku moja inatosha. Huku kwetu mwezi wa saba ningeiacha siku tatu.

Tom yenye bungua itenge chumba kingine leo hii, si kesho. Unga ukidondoka maana yake mdudu yumo anakula. Dawa ya wadudu wa mbao, sindano hiyo hiyo, tundu kwa tundu, uifunge kwenye mfuko. Usizibe kitu hadi unga ukome.

Ukingo unaguswa mwisho wa yote. Tafuta kioo kinene kilicholala sawa, zima taa, weka tochi ndani ya mzinga, uangalie mwanga unapopenyea chini. Hapo ndipo utajua panapotaka msasa. Unaweza kukuta hapahitaji kabisa.

Neema_Matoazi

Fundi kamaliza, mimi naongeza la vyuma tu. Usikimbilie brashi ya waya kwenye kromu, utaiua. Foili ya jikoni, maji kidogo, sugua kwa vidole. Kutu ya juu inatoka na kromu inabaki. Na kila skrubu iweke na tundu lake, andika namba kwenye selotepu. Ikikataa kuingia kwa vidole usiilazimishe kwa ufunguo, uzi si wake huo.

Stiki_Mbili

Shikamoo fundi. Nimemulika. Pete ya mbele imeachia karibu nusu ya mzunguko, wembe ulipita kama unakata siagi. Na ngozi ya 12 nimeijaribu, kweli imekataa. Nilikuwa siku mbili tu kabla ya kuua dramu ya marehemu.

Swali dogo, milimita 11 zote zinarudi?

FundiRanda

Marahaba. Zote hazirudi. Ukibakiza mbili au tatu, ngozi ya inchi 20 itakaa na masikio hayatajua. Nani amekudai duara la compasi?

Stiki_Mbili

Wakuu narudi, imekuwa kama mwezi na nusu. Gongo nilitengeneza kwa mgrevilea, mara mbili lilinirukia, mara ya pili nusura kwenye jino. "Tak" niliisikia mara moja siku ya tano, nikakimbia nje kama nimeiba. Ilikuwa pete yenyewe inaachia sehemu iliyobaki, mzinga ni mzima. Nikaitoa yote, nikasafisha, nikagundisha upya na gongo likiwa ndani. Leo nimepima pande nne, imebaki milimita 3. Kwa muda nimeivika ngozi kuukuu ya besi niliyoomba kwaya, ikapiga "dum" moja, mama akatoka jikoni kuuliza ni nani anayegonga geti.

Flo tom kisu hakiingii tena. Tyubu nilisahau nailoni sehemu moja, kuna alama nyeusi itabaki pale milele. Ngozi za 12 na 16 nimeagiza kupitia binamu, nasubiri.

Tom ndogo ndiyo inanitesa. Nimepiga dawa tundu kwa tundu, nikaifunga mfuko wiki tatu. Jana nimefungua, nikaigonga juu ya karatasi nyeusi. Unga umedondoka, kidogo, kama chumvi ya yai moja.

FundiRanda

Huenda ni unga wa zamani, huenda yumo. Ipulize kwa pampu ya baiskeli, igonge tena baada ya siku kumi juu ya karatasi hiyo hiyo. Ukiona mpya, rudia dawa. Na hiyo gundi usiiguse bado, nakujua.