Farasi wetu kiangazi: luzerni, mashudu ya soya au nyasi na pumba?

Papa Kafubu
Jambo kwenu wote. Nina farasi wawili wazima, kila mmoja kama kilo 500, hawana kazi nzito. Tangu mvua ikatike, nyasi za huku kwetu nje ya Lubumbashi zimekomaa, zimebaki vijiti. Naona njia tatu: luzerni tupu (yale majani ya jamii ya kunde, alfalfa), nyasi kavu na mashudu ya soya, ama nyasi na pumba za mahindi. Ipi inampa farasi protini atakayoitumia kweli?

Mama wa Golf
Luzerni, papa. Ina protini asilimia 15 hadi 20, na nyasi za kiangazi zinaweza kushuka hadi 5. Ila kagua majani kabla ya kulipa. Protini iko kwenye majani, nayo hupukutika ikikaushwa vibaya. Unabaki umenunua mashina.

Docta Kasapa
Mama anasema kweli kuhusu majani. Asilimia lakini tusiisome peke yake. Maabara hupima naitrojeni, huizidisha kwa 6.25, ndiyo hiyo inaitwa protini ghafi. Haituambii farasi atapata nini.

Kwa farasi, kila kitu kinategemea protini imevunjwa wapi. Ikivunjwa tumboni na kwenye utumbo mwembamba, asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini, zinaingia kwenye damu na kujenga mwili. Ile iliyoshikamana na nyuzi za nyasi inapita hapo bila kuguswa mpaka kwenye sekamu (mfuko ulio mwanzo wa utumbo mpana) na utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, inakuwa amonia. Bakteria nao wanajijengea protini. Ng'ombe anafaidi protini hiyo, maana bakteria wake wako mbele ya utumbo mwembamba. Wa farasi wako nyuma yake, kwa hiyo sehemu kubwa inatoka na mavi. Amonia inayonyonywa inakwenda kwenye ini, inageuzwa urea, na figo zinaitoa kwa mkojo.

Sasa piga hesabu. Vipimo vya 2007 vya NRC, baraza la taifa la utafiti la Marekani, vinataka gramu 630 za protini ghafi kwa siku kwa farasi wa kilo 500 asiye na kazi, na gramu 27 za laisini, asidi amino ambayo lazima aipate kwenye chakula. Kilo 10 za luzerni yenye asilimia 18 ni gramu 1,800. Sehemu kubwa ya ziada hiyo ataikojoa! Atakunywa maji mengi, banda litanuka amonia, na hewa hiyo inaumiza mapafu yake.

Kijana wa Kipushi
Docta, kama bakteria wanataka naitrojeni, si tutie urea kidogo kwenye chakula, kama wanavyolishwa ng'ombe?

Docta Kasapa
Hapana, mdogo wangu. Nyingi inanyonywa kabla haijawafikia bakteria na kuishia kwenye mkojo. Haina laisini hata kidogo, na ikizidi inaua. Kuhusu bakteria uko sawa: naitrojeni ikipungua sana, nyuzi hazichachuki vizuri na farasi anaanza kuacha chakula. Mwili wake hurudisha sehemu ya urea kwenye utumbo, ndiyo maana anavumilia nyasi hafifu kwa muda.

Yaya Ruashi
Mimi nasimama na soya. Kilo 10 za nyasi zenye asilimia 5 ni gramu 500. Nusu kilo ya mashudu yenye asilimia 44 inaongeza gramu 220, pamoja na laisini kama gramu 14, na sehemu kubwa inavunjwa na kunyonywa kwenye utumbo mwembamba. Lazima yawe yamepitia moto, papa: soya mbichi inazuia tripsini, kimeng'enya kinachovunja protini. Mashudu ya karanga usiyaweke mahali pake, laisini yake ni kidogo na kuvu huyatia sumu ya aflatoksini. Pumba ziwe kidogo tu, fosforasi inazidi sana kalsiamu.

Mama wa Golf
Na jike langu linalonyonyesha?

Docta Kasapa
Huyo ni mwingine kabisa, mama. Mwezi wa kwanza anahitaji karibu kilo moja na nusu ya protini kwa siku. Usimnyime luzerni.

Papa Kafubu
Aksanti sana. Wangu watakula nyasi na soya iliyopitia moto, nitaanza na kiganja kimoja na kuongeza polepole kwa siku kumi. Yaya, ukijua mtu wa kuaminika wa mashudu pale sokoni, nielekeze.