Naomba ushauri: mtoto hali mpaka awekewe katuni

Habari zenu wakuu. Niko Ngamiani, Tanga. Mwanangu wa miaka minne anashinda na bibi yake mimi nikiwa dukani, na simu ndiyo imekuwa yaya. Uji haunyweki mpaka katuni ziwake. Anameza huku macho hayapepesi, hata kijiko hakioni. Ukimpokonya anajitupa sakafuni, majirani wanachungulia dirishani.

Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linasema mtoto wa umri huu asizidi saa 1 kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Huyu wangu bando ninalomwekea bibi halifiki adhuhuri! Kaka yake wa darasa la tatu hanisumbui, akitoka madrasa anakimbilia kucheza kombolela.

Shida yangu hasa ni bibi. Ni mama mkwe, kwake siwezi kupanga sheria, na magoti hayamruhusu kumkimbiza mtoto. Mliopitia hili, mlipunguza kidogo kidogo au mlikata moja kwa moja? Na mkwe mlimwambiaje asione anasutwa? Wa "mchape tu" naomba mpite.