Kahe hadi Pangani na kurudi siku moja: inawezekana?

mama_majaruba (Kahe, Moshi)

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Sisi ni wakulima wa mpunga huku Kahe, kikundi cha watumia maji, tunaenea kwenye Coaster moja. Mwaka mzima kazi yetu ni kugombana na kupatana juu ya zamu: nani afungue, nani afunge, wa juu katubakizia nini. Msimu huu mavuno yametoka vizuri, tukakubaliana kwamba hela ya akiba tusigawane, tuifanyie safari. Wengine walitaja Ngorongoro. Mzee wetu mmoja akasema, "Mimi nataka kuona haya maji yanaishia wapi." Mjadala ukafungwa hapo.

Basi yanaishia Pangani. Tukitoka alfajiri, tunaweza kufika, tukala samaki, tukaona mto unavyoingia baharini na tukarudi siku hiyohiyo? Tuzungukie Tanga mjini au kuna njia ya mkato? Tuna akina mama wanaosumbuliwa na magoti, na wengi wetu hatujawahi kukanyaga mchanga wa bahari. Kulala kunaongeza gharama, halafu ng'ombe nani atawakamua?

dereva_wa_Segera

Mama, Moshi hadi Tanga ni kama kilomita 350, lami yote. Ila vijiji vimepangana na kila kijiji kina kibao cha 50. Same, Hedaru, Mombo, Korogwe, kisha Segera mnakata kushoto kuelekea Muheza. Coaster iliyojaa wazee hesabu saa sita, pamoja na chai ya Mombo na kuchimba dawa. Tanga hadi Pangani ni kilomita 50 nyingine. Muheza kuna njia inayokata moja kwa moja hadi Pangani, ni fupi, lakini ikinyesha mimi sipiti huko na abiria wenye magoti mabovu.

Chukueni madereva wawili. Hilo msilijadili kwenye kikao. Kurudi usiku, kipande cha Mombo hadi Same kimenyooka, na barabara iliyonyooka ndiyo inayomlaza dereva.

Mtoto wa Ngarenaro

Kwa siku moja mimi ningeishia Tanga mjini. Mnakula Raskazone mkiitazama bahari, mnapita Mapango ya Amboni ambayo yako karibu tu na mji, mnarudi. Pangani ni mbali kwa siku moja.

MwanaPangani (Pasua, Moshi)

Shikamoo mama. Mimi nimezaliwa Pangani, nimeolewa huku, na sijawahi kusikia kikundi cha huku juu kikitaka kushuka kutazama maji yao yanapofikia. Nimefurahi sana. Tanga ni mji mzuri, kaka wa Ngarenaro yuko sahihi, lakini alichokiomba mzee hakipo Tanga.

Kilomita zimeshasemwa, mimi niseme maji. Wageni wengi hufika kwetu adhuhuri, wanaukuta mto umeshuka, tope liko wazi kwenye mikoko, wanapiga picha na kuondoka. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu tunapata bamvua, yaani bahari hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo bahari hupwa asubuhi mnamo saa nne na kujaa jioni mnamo saa kumi. Mkitoka Kahe saa kumi alfajiri, mtaingia Pangani saa sita hivi, na saa tisa dereva anapiga honi. Mtaondoka wakati ambao jambo lenyewe ndiyo linakolea. Bahari inaingia mlangoni mwa mto, mto unasita, halafu unaanza kurudi ulikotoka. Mashua zilizolala ubavu zinasimama. Pantoni ya kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, inapigana na mkondo. Mtu aliyekesha akilinda zamu yake ya maji anastahili kukaa ukingoni na kuliona hilo lote, mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo laleni usiku mmoja. Ng'ombe mwachieni jirani na mumlipe kwa mchele.

Mkishindwa kabisa, basi msiende siku za bamvua. Nendeni mwezi mwandamo ukiwa tarehe 11 au 12, au 26 au 27. Maji hujaa yakichelewa karibu saa moja kila siku, kwa hiyo siku hizo yatajaa saa saba, saa nane mchana, nanyi mtakuwa mmeketi mnakula. Hayatakuwa na nguvu ya bamvua, lakini mtayaona yakiingia. Ndiyo hesabu ya wavuvi wa kwetu. Siku mbili kabla ya kuondoka, mpigieni mtu wa huko athibitishe.

Njiani mwelezeni mzee safari ya maji yake. Ya chemchemi za Miwaleni, na yale ya mto Kikuletwa yanayopita Chemka vijana wanakoogelea, yote yanakutana Nyumba ya Mungu. Bwawa lile lina mtambo wa megawati 8. Mto unateremka hadi Korogwe, na Hale mtauvuka darajani. Pale kuna mtambo wa megawati 21, na chini zaidi New Pangani Falls wa megawati 68. Simamisheni gari Hale kabla ya daraja, ashuke autazame.

Kuna jambo jingine, nalisema kwa mapenzi kwa sababu ninakaa huku na wali wenu naula. Mto unaotufikia umepungua. Ukikosa nguvu ya kuisukuma bahari, maji ya chumvi hupanda juu zaidi, yanaingia kwenye mashamba ya kando ya mto. Tafuteni wakulima wa huko mkae nao japo saa moja. Wao hawajui zamu zenu zinavyopangwa, nanyi hamjaonja maji ya chumvi shambani. Pangani ni bonde moja, na ofisi ya bonde iko hapa Moshi, lakini kuonana uso kwa uso ni kitu kingine.

Vukeni Bweni. Pantoni inabeba magari, kwa hiyo Coaster inafika hadi majini na magoti hayatasumbuka. Upande ule, Kikogwe, ndiko Mjerumani Hindorf alikootesha mkonge wa kwanza mwaka 1893. Yale mashamba mtakayoyapita Korogwe na Muheza chanzo chake ni pale. Na mkiwa mjini, ulizeni habari za Abushiri, aliyewapiga Wajerumani akanyongwa hapohapo Pangani Desemba 1889. Sisi tulikua tukiambiwa habari zake na wazee.

Kuogelea: ufukweni, mbali na mlango wa mto. Mkondo pale hauna huruma.

mama_majaruba

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Hii nitaisoma kikaoni neno kwa neno. Mzee ameshasikia habari ya mto kurudi nyuma, anasema hatoki huko bila kuiona, kwa hiyo kulala kumeshapita. Je, vyumba vya bei ya watu kama sisi vipo? Na chakula tunakipataje kwa wingi wetu?

MwanaPangani

Vipo. Hoteli za ufukweni upande wa Ushongo ni za watalii, ziacheni. Mjini kuna gesti za kawaida. Mtume mtu mmoja mapema akague vyandarua na maji, maana gesti moja haiwatoshi wote.

Chakula msiingie mgahawani watu wote bila taarifa, mtasubiri hadi mkasirike. Nitawaunganisha na mama ntilie, mumwambie siku mbili kabla, awawekee samaki na kamba kwa wavuvi. Mchele njooni nao wa kwenu. Ninataka watu wa kwetu waonje wali wa Kahe uliopikwa kwa tui.

mama_majaruba

Kilo ngapi?

MwanaPangani

Kwa watu ishirini na tano, kilo tano mlo mmoja, na samaki wakiwa wazuri ongeza moja. Mnalala, kwa hiyo leteni kumi na mbili. Nazi msibebe.