Puti imekauka: praima tu, au na sila?

Wakuu, mlango wa gari nimeunyoosha, nikapaka puti (kijazio cha mabonde ya bati) na kuipiga msasa namba 180. Naweza kupiga rangi moja kwa moja? Na sila, ile koti nyembamba kati ya praima na rangi, ni lazima?

— Usithubutu, mkuu. Puti ina vitundu, hunyonya rangi na thina. Baada ya wiki kadhaa kingo za kiraka hujichora juu ya rangi. Piga praima (rangi ya msingi) ya 2K, yaani ya kuchanganywa na hadena inayoigandisha, nyingi praima 4 kwa hadena 1 (soma kopo), koti 2 hadi 3, ukisubiri dakika 10 hivi kila koti. Ivuke kingo za puti kwa upana wa kiganja. Ikikauka kabisa, msasa 400 hadi 600.

— Puti yenyewe isipigwe msasa wa maji! Maji yakibaki ndani, rangi hutoa malengelenge na bati hushika kutu.

— Sila si lazima praima ikiwa nzima. Msasa ukitoboa kidogo hadi puti, koti 1 nyepesi ya sila husawazisha unyonyaji. Ukifika bati, rudia praima. Mikwaruzo ya 180 sila haiifichi.

— Shukrani wakuu, naanza na praima.